Daftari la Kaunta: Tovuti Inayomhudumia Mteja

(Mhadhara uliotolewa mjini Singida mbele ya wafanyabiashara, walimu na wanafunzi wa vyuo)

    

Nimeombwa nizungumzie utengenezaji wa tovuti za biashara ndogo. Nitangulie kusema nisichokuja kufanya. Sikuja kufundisha kuandika programu. Vijana wanaoijua kazi hiyo wamekaa humu humu, tena wananizidi. Nimekuja na hoja moja, na nimeigawa hoja ndogo sita ili isiwachoshe. Hoja yenyewe ni hii: tovuti nzuri ni ile inayomjibu mteja kabla hajauliza. Kama mwenye duka anaisifia na mteja bado anapiga simu kuuliza bei, fedha ya tovuti hiyo imepotea.

Najua mzee mmoja hapo mbele ana methali mdomoni: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kweli mzee wangu. Kuku wa Singida wanajiuza. Asali ya Itigi inajiuza. Lakini kizuri hujiuza kwa aliyekiona. Aliyeko Mbagala au Mwanza hajakiona. Anachokiona ni kioo cha simu yake. Tuzungumze basi kuhusu kile anachokikuta kwenye kioo hicho.

Hoja ya kwanza: Anza na daftari, kompyuta itafuata

Msimu wa mavuno uliopita nilishinda siku nzima kwenye mashine moja ya kukamua alizeti hapa mjini. Mwenye mashine ni mama wa makamo, mchapakazi, haongei sana. Nilipewa kibenchi karibu na kaunta. Ukutani yalipangwa madumu ya njano ya lita 20; upande wa pili mashudu yalikuwa yakitoka mashineni bado ya moto, harufu yake imejaa chumba kizima. Simu yake ya vitufe haikutulia. Nikaomba daftari, nikaanza kuandika kila swali lililoulizwa, kwa simu na kwa mdomo.

Hadi saa 10 jioni kurasa tatu zilikuwa zimejaa. Lakini nilipoyapanga maswali hayo, yakabaki saba tu. Dumu leo bei gani? Mnakamua gunia kwa shilingi ngapi? Mashudu yapo? Mnafunga saa ngapi? Mko wapi hasa? Mnatuma Dar? Na la saba, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: nitajuaje kwamba mafuta hayajachanganywa?

Tazameni jambo lililojificha humo. Waliopiga simu ni watu wa aina tatu. Mnunuzi wa mafuta anataka bei ya dumu. Mkulima kutoka Ikungi anataka kujua gharama ya kukamuliwa alizeti yake. Mfugaji anataka mashudu, mafuta hayamhusu. Wote watatu ni wateja, na kila mmoja anaingilia mlango wake. Fundi asiyekaa kwenye kibenchi kile atajenga mlango mmoja, kisha atashangaa kwa nini wawili wamebaki nje.

Basi yule mama alikuwa na tovuti tayari! Alilipia. Nikaifungua kwenye simu yangu. Juu kabisa palikuwa na picha ya wanaume wawili wenye suti wakipeana mikono kwenye jengo la vioo. Si Singida, wala si Tanzania. Chini yake: Dira Yetu. Chini yake: Dhima Yetu. Chini yake: Misingi Mikuu Yetu. Maswali saba yote, hata moja halikujibiwa. Nikamuuliza, mama, mteja gani aliwahi kukupigia kuuliza dhima? Akacheka mpaka akashika kaunta.

Ndiyo maana nasema, kabla hujamwita fundi, weka daftari kaunta kwa mwezi mmoja. Andika kila swali na uweke alama kila linaporudi. Swali lenye alama nyingi ndilo litakalokaa juu kwenye tovuti yako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: hata tovuti.

Hoja ya pili: Ukurasa wa kwanza ni kaunta

Vijana mtanisamehe nikirudi nyuma kidogo. Mwaka 1989, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, alipendekeza mfumo ambao leo tunauita wavuti. Tovuti ya kwanza duniani ilianza kazi kati ya mwaka 1990 na 1991. Haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa na maelezo mafupi ya jambo lenyewe, kisha orodha ya viungo: kuna nini humu, msaada, watu wanaohusika, historia, namna unavyoweza kuchangia. Anayeingia anajua yuko wapi, anaweza kupata nini na amuulize nani. Hiyo ni kaunta. Kabla ya rangi na picha zinazotembea, tovuti ilizaliwa ikiwa kaunta.

Ukurasa wako wa kwanza ufanye kazi hiyo hiyo. Mteja asiyekujua ajue mambo matano bila kusukuma kioo mara nyingi: unauza nini, kwa bei gani, uko wapi, unafungua lini, na anakupataje. Kwa yule mama wa alizeti tuliweka vitufe vitatu juu kabisa: Nanunua mafuta. Nina alizeti ya kukamua. Natafuta mashudu. Chini yake namba ya simu ambayo ukiigusa inapiga. Dira na dhima hatukuzitupa, tulizihamishia ukurasa wa ndani. Anayetaka kuzisoma atazikuta.

Kuhusu bei, hapa nitagombana na baadhi yenu. Upo ugonjwa wa kuandika "bei njoo inbox". Mnasema bei ya alizeti inapanda na kushuka, msimu wa mavuno si sawa na miezi ya mbele. Ni kweli. Basi andika bei na tarehe yake: "Bei ya dumu la lita 20, kuanzia Jumatatu tarehe fulani." Mteja mzima anaelewa kwamba bei hubadilika. Asichoelewa ni kufichwa. Ukimficha, atadhani unamsubiri umwangalie uso kwanza ndipo upange bei.

Mwingine ataniuliza: mwalimu, nahitaji kikapu cha manunuzi kama maduka makubwa ya mtandaoni? Usiharakishe. Kampuni kubwa ya Jumia ilifunga shughuli zake hapa Tanzania Novemba 2019. Kuuza mtandaoni si kuweka kikapu tu, kuna kupokea, kufunga, kusafirisha na kurudisha. Wewe mzigo wako unapanda basi asubuhi, mteja anaupokea stendi na kukupigia simu. Njia hiyo inafanya kazi. Ieleze vizuri kwenye tovuti: mzigo unaondoka siku gani, nauli ya mzigo analipa nani, na likivunjika dumu njiani hasara ni ya nani. Hayo matatu yatamfaa mteja kuliko kikapu.

Hoja ya tatu: Andika kama mteja anavyosema

Nitawapa kisa kilichonikuta mwenyewe. Nilikuwa na safari ya kikazi katika wilaya moja ya mkoa huu. Nikatafuta nyumba ya wageni mtandaoni, nikaipata moja yenye tovuti nzuri ya kuvutia. Imeandikwa: "Tunapokea wageni hadi 4:00." Mimi nimezoea makaratasi ya ofisi yanayohesabu saa kwa Kiingereza, nikasoma saa 10 jioni. Basi letu lilikuwa lifike saa 1 usiku. Nikasema nimeshachelewa, nikaenda kulala kwa jamaa yangu, kwenye mkeka. Kesho yake nikaambiwa walimaanisha saa 4 usiku. Wao walipoteza hela ya chumba. Mimi nilipoteza mgongo.

Naona wengi mnacheka, lakini nendeni mkaangalie tovuti zenu. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, na simu zetu zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Mahali mifumo miwili inapokutana, tarakimu peke yake haitoshi. Andika kwa maneno: saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Hakuna Mtanzania atakayekosea.

Vipimo navyo ni hivyo hivyo. Ndugu zangu wauza vitunguu wa soko la Misuna, neno "gunia" limebeba ugomvi mwingi. Gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, si gunia la kawaida, na Wakala wa Vipimo wanalipiga vita. Mteja wa mbali hawezi kuja kulitazama gunia lako. Mwandikie kilo.

Mahali pia. "Tupo Singida mjini" si maelekezo. Tangu mwaka 2022, serikali ilipoendesha operesheni ya anwani za makazi, mitaa yetu imepata majina na nyumba zimepata namba. Iandike anwani hiyo, kisha ongeza alama ambayo dereva wa bajaji anaijua: kituo cha mafuta, msikiti, kanisa, mwamba mkubwa. Singida hatujakosa miamba ya kuelekezea.

Na lugha. Andika neno ambalo mteja atalitumia kutafuta. Mfugaji anayetafuta mashudu ataandika "mashudu ya alizeti Singida". Hataandika "bidhaa ambata katika mnyororo wa thamani wa mazao ya mafuta". Maneno hayo ni ya semina, yabaki semina. Ukiwa na mnunuzi wa nje, ongeza ukurasa wa Kiingereza. Ila usianze na Kiingereza halafu Kiswahili kikawekwa pembeni kama mgeni katika nyumba yake.

Hoja ya nne: Usimle mteja bando

Hapa tufanye hesabu kidogo, wanafunzi mnisahihishe. Picha moja iliyopigwa kwa simu za siku hizi yaweza kuwa na megabaiti 4. Ukibandika sita kama zilivyo, ukurasa wako una megabaiti 24. Mteja yuko kijijini, mtandao unampa megabiti 1 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo 24 mara 8 ni 192. Atasubiri sekunde 192, yaani zaidi ya dakika tatu, huku bando lake linateketea. Picha hizo hizo ukizipunguza hadi kilobaiti 100 kila moja, zote sita ni kilobaiti 600. Zinafunguka kwa sekunde 5 hivi. Tofauti kwa macho kwenye kioo cha simu ni ndogo sana.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba sekunde 10 hivi ndicho kikomo cha mtu kubaki ametega macho akisubiri. Ikipita hapo, akili yake inaenda kwingine. Kwetu naona ni chini ya hapo, kwa sababu anayesubiri anajua kwamba kila sekunde analipia.

Jambo jingine dogo linalosahauliwa ni jua. Tovuti hutengenezwa chumbani, kwenye kioo kikubwa, pazia limefungwa. Husomwa sokoni, saa 7 mchana, kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka. Herufi nyembamba za kijivu juu ya weupe hazisomeki hapo. Weka herufi nene, nyeusi, kubwa. Vitufe viachane, kwa sababu kidole cha mtu anayebeba magunia si kalamu.

Kipimo changu ni hiki, na hakigharimu kitu. Fundi akikuambia kazi imekwisha, usiikague kwenye kompyuta yake. Azima simu ya mtu mwingine, ile ya bei ya chini kabisa utakayoipata. Zima Wi-Fi. Toka nje juani. Fungua tovuti, mpe mtu asiyeijua biashara yako, umwambie: tafuta bei ya dumu. Kisha nyamaza. Usimwelekeze. Pale atakapokwama ndipo penye kasoro, wala kosa si lake.

Hoja ya tano: Mteja wa mbali anaogopa kutapeliwa

Nani humu hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Naona hakuna mkono. Sisi sote ni wanafunzi wa shule hiyo. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, zikafuata nyingine, na leo malipo kwa simu ni jambo la kila dakika. Lakini kila aliyejifunza kulipa kwa simu alijifunza na kushtuka. Tovuti yako inamkuta mteja akiwa katika hali hiyo.

Kwa hiyo mwondoe hofu kwa mambo anayoweza kuyahakiki. Weka lipa namba ya biashara, na uandike jina litakalotokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri. Mwambie: likitokea jina jingine, usilipe, tupigie. Sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko maneno "sisi ni waaminifu" yakirudiwa mara mia. Kama jina la biashara limesajiliwa BRELA, liandike kama lilivyosajiliwa. Kama bidhaa ina alama ya TBS, ionyeshe. Kama haina, usiibandike. Piga picha mashine yako mwenyewe, mizinga yako, banda lako. Wale wanaume wa suti warudi kwao kwa amani.

Kisha jibu lile swali la sauti ya chini, la kama bidhaa imechanganywa. Ndugu zangu wa asali mnalijua vizuri kuliko mimi. Miezi ya Juni na Julai baridi ya Singida inauma, asali inaganda. Mteja wa Dar es Salaam anafungua chupa, anakuta chembechembe, anapiga simu kwa hasira: mmenitilia sukari! Mara ngapi mmelieleza jambo hilo kwa simu? Lielezeni mara moja, kwenye tovuti, kwa aya fupi: asali halisi huganda, sukari zake za asili hugeuka chembe kunapokuwa na baridi, iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, itarudi. Hapo mmegeuza lawama kuwa elimu, na mteja aliyeelimishwa ni mgumu kuibiwa na jirani.

Na taarifa za mteja ni amana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Fomu yako isiombe tarehe ya kuzaliwa ya mtu anayenunua kuku. Jina, simu, mzigo unaenda wapi: inatosha. Hakikisha pia anwani ya tovuti inaanza na https. Vivinjari vikubwa siku hizi humwonya mtu kwamba tovuti isiyo nayo si salama, na cheti chake hupatikana hata bure.

Hoja ya sita: Ufunguo ukae kwako

Najua swali linakuja: mwalimu, mbona mimi nauza vizuri tu kwa WhatsApp na Instagram? Endelea, usiache. Lakini elewa kwamba hapo umepanga kibanda katika soko la mtu. Ulichoweka kwenye status kinafutika baada ya saa 24, na mwenye soko akibadilisha taratibu hakuiti kikao. Tovuti ni nyumba yako. Kurasa zile ni vijana wa kuita wateja barabarani, waje nyumbani.

Ila nyumba ina hati. Namjua fundi samani mmoja aliyemlipa kijana amtengenezee kila kitu. Kijana akasajili jina la tovuti kwa jina lake mwenyewe. Wakakosana kwa deni dogo tu. Fundi akabaki na kadi za biashara alizochapisha, kila moja ina anwani isiyofunguka. Kwa hiyo unaposajili jina, tuseme linaloishia na .co.tz, hakikisha mwenye jina ni wewe au biashara yako, barua pepe ya usajili ni yako na nywila unazo. Andika tarehe ya kulipia tena. Wapi? Kwenye daftari lile lile la kaunta.

Kisha mpe mtu mmoja kazi ya kuitunza. Ikiwa ya wote, si ya mtu. Kila Jumatatu abadilishe bei na tarehe. Kila mwisho wa mwezi aipigie namba iliyo kwenye tovuti aone kama inaita. Mkidhani natania, kumbukeni ni nyumba ngapi za wageni mmezipigia mkaambiwa namba haipatikani.

Kufunga

Ndugu wasikilizaji, namalizia. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na reli yake inaelekea Tabora kupitia Manyoni, mkoani kwetu. Mteja anatusogelea. Atakaposhuka atakuwa ameshauliza simu yake: Singida kuna nini, kwa nani, bei gani? Kama sisi hatukumjibu, dalali atamjibu kwa niaba yetu, na tunajua dalali hujibu kwa faida ya nani.

Nina ombi moja kwa vijana wa vyuo. Kila mmoja wenu achague biashara moja ya mkoa huu: mkamuaji wa Iramba, mfuga kuku wa Mkalama, mama mwenye mgahawa hapa stendi. Asiende na kompyuta. Aende na daftari, akae kwenye kibenchi siku moja, aandike maswali. Kisha arudi, tukae pamoja, tuyajenge.

Yule mama wa alizeti nilimpigia wiki iliyopita kumwomba ruhusa ya kusimulia habari zake. Nikamuuliza, simu zimepungua? Akasema hazijapungua sana, ila zimebadilika. Zamani walipiga kuuliza bei. Siku hizi wanapiga kusema, "Mama, niwekee madumu mawili, nakuja."